Wavulana Waende Wakafyeke

Baba yake Ngazi ni seremala. Anatengeneza milango, vitanda na madirisha. Karakana yake ni banda la mabati kando ya nyumba. Kukicha tu, mtaa mzima husikia randa yake ikikwaruza mbao.

Mama yake Ngazi ni mshonaji. Cherehani yake iko barazani. Anashona sare za shule. Utepe wa kupimia unaning'inia shingoni mwake tangu asubuhi hadi jioni, na mara nyingine analala nao.

Ngazi si jina la kuzaliwa. Ni jina la shuleni. Alipofika miaka kumi na tano alirefuka ghafla. Mama yake aliteremsha pindo la suruali yake mara ya kwanza, akateremsha tena, mwisho kitambaa kikaisha. "Wewe mtoto," mama alimwambia, "utanifilisi kwa vitambaa." Wenzake wakamwita Ngazi. Yeye mwenyewe alicheka, na jina likakaa hata nyumbani.

Ni familia ya kawaida. Wanafanya kazi, wanakula pamoja, wanataniana. Baba ndiye mtani mkubwa kuliko wote. Hawezi kuona watu wamenuna bila kuwatupia neno la kuchekesha.

Siku moja kulikuwa na mkutano wa wazazi shuleni. Mwalimu mkuu alisema nesi wa zahanati atakuja kufundisha afya ya uzazi.

"Atawafundisha wote," alisema. "Wasichana na wavulana."

Mkutano ulikuwa umechukua muda mrefu. Watu walikuwa wamechoka na viti vigumu. Baba yake Ngazi akasimama.

"Samahani, Mwalimu," alisema. "Mvulana ana uzazi gani? Tangu lini mvulana akabeba mimba? Wasichana wabaki na nesi, wafundishwe mambo yao. Wavulana waende wakafyeke. Nyasi za uwanjani zimekuwa ndefu mpaka nyoka wamejiandikisha kidato cha kwanza."

Watu walicheka sana. Wengine walipiga makofi. Mwalimu mkuu naye alicheka, kisha akasema, "Haya, mzazi amesema." Jambo likaisha hapo. Hakuna aliyeuliza swali. Mimi nimehudhuria mikutano mingi ya namna hiyo, na nimeona mambo mazito yakiamuliwa kwa sababu tu watu wanataka kwenda nyumbani.

Siku nesi alipokuja, wasichana waliingia darasani. Madirisha yakafungwa. Wavulana walipewa mafyekeo, wakapelekwa uwanjani. Walifyeka huku wakicheka na kuchungulia.

"Wavulana wako wapi?" nesi aliuliza.

"Wana kazi," mwalimu alijibu.

Nesi alitikisa kichwa. Alifundisha aliopewa, akaondoka.

Mwezi haukupita. Ngazi alikuwa darasani, kipindi cha hesabu. Ghafla alisikia maumivu makali kwenye korodani yake ya kushoto. Hakuwa ameumia. Hakuna aliyempiga. Maumivu yalikuja tu, kama amebanwa na koleo. Yakapanda mpaka tumboni. Kijasho chembamba kikamtoka. Akashika ukingo wa dawati kwa mikono miwili.

"Ngazi, una nini?" mwalimu wa hesabu aliuliza. Alikuwa mwanamke mpole.

"Tumbo, Mwalimu," Ngazi alijibu.

Kwa nini alisema tumbo? Usimcheke. Nyumbani kwao, mwili wa mtu kuanzia kitovuni hadi mapajani haukuwa na majina. Mama yake hupima viuno na nyonga za nusu ya mji bila aibu. Lakini sehemu zile nyingine aliziita "huko", na "huko" hakuzungumzwi na watu wenye adabu. Wavulana shuleni walikuwa na majina yake, ndiyo. Yalikuwa ya matusi, yale ya kuandikwa kwenye ukuta wa choo. Basi mtoto yule alikuwa na maneno ya matusi au hakuwa na maneno kabisa. Angemwambia nini mwalimu wake?

"Nenda nyumbani ukapumzike," mwalimu alisema.

Ngazi alitembea polepole. Njiani alitapika mara mbili.

Mama alisimamisha cherehani alipomwona.

"Kulikoni, mwanangu?"

"Tumbo, Mama."

"Umekula nini? Ni hivyo vitu vya barabarani. Nimesema mpaka nimechoka."

Akampa dawa ya minyoo, akampa na vidonge vya kutuliza maumivu. Ngazi akajilaza kwenye mkeka, amekunja magoti. Mama akarudi kwenye cherehani. Kulikuwa na sare za watu zinazosubiriwa.

Mchana Ngazi aliamka kwenda chooni. Mama alimwona akitembea. Alikuwa ametanua miguu, anaburuta hatua. Mama aliacha kushona. Akamfuata mlangoni, akazungumza kwa sauti ya chini.

"Ngazi. Niambie ukweli. Umemgusa mtoto wa watu?"

"Hapana, Mama."

"Maana mwendo huo mimi naujua. Kama umeokota gonjwa la aibu, sema sasa. Baba yako akijua atakuua."

"Sijamgusa mtu, Mama. Ni tumbo."

Mama hakuwa mkatili. Alikuwa na hofu, na hofu ikamtuma vibaya. Lakini baada ya maneno yale, mdomo wa Ngazi ulifungwa kabisa. Alijiona tayari ni mkosaji, na hakujua amekosa nini.

Jioni baba alirudi kutoka kufunga madirisha ya mteja. Alimkuta mwanawe amegeukia ukuta.

"Mwanamume gani huyu analazwa na tumbo?" alisema, akimtania. "Inuka bwana, kesho tuna vitanda vya kupaka vanishi."

Ngazi hakugeuka. Baba akamwacha alale.

Asubuhi maumivu yalikuwa yamepungua kidogo. Mama alimshukuru Mungu. Akapika chai, akaanza kupanga kazi zake barazani. Alidhani ugonjwa umekwisha. Kumbe maumivu yalipungua kwa sababu kilichokuwa kikiuma kilikuwa kimekufa.

Ngazi alijaribu kuvaa suruali, ikashindikana. Akaita kwa sauti ndogo. Baba yake ndiye aliyeingia. Aliona uvimbe, ngozi imekuwa nyekundu na inang'aa. Aligusa paji la uso la mtoto. Lilikuwa la moto.

Kwa mara ya kwanza baba hakuwa na utani. Alikimbia nje na mikono yenye vumbi la mbao, akatafuta gari.

Zahanati waliingia wote watatu kwenye chumba cha nesi. Alikuwa nesi yuleyule aliyekwenda shuleni.

"Unaumwa nini, kijana?" aliuliza.

Ngazi alimtazama mama yake. Akamtazama baba yake.

"Tumbo," alisema.

Baba alifungua mdomo kusema. Nesi akamnyooshea kiganja.

"Baba, Mama, naomba mtupishe kidogo. Mkae hapo kwenye benchi."

Walipotoka, nesi alifunga mlango. Akavuta kiti karibu.

"Mimi nimeona miili ya watu mingi," alisema. "Hakuna kitakachonishangaza. Utakachosema hapa hakitoki humu bila ruhusa yako, isipokuwa ni jambo la kuokoa maisha yako. Ni wapi panapouma kweli?"

Ngazi alianza kulia. Kisha akaonyesha.

Nesi alimpima kwa upole. Uso wake ukabadilika. "Ilianza lini?" aliuliza.

"Jana. Kipindi cha hesabu."

Nesi alifumba macho kidogo tu, akayafumbua. Akafungua mlango.

"Hospitali kubwa," aliwaambia wazazi. "Sasa hivi. Msipitie nyumbani. Asile, asinywe chochote. Nampigia simu daktari wa upasuaji awasubiri."

Walisubiri nje ya chumba cha upasuaji. Mama alikuwa anauvuta utepe wake, anauzungusha vidoleni, anaufungua. Baba alisimama tu. Daktari alipotoka, wote wawili walimkimbilia.

"Mtoto ni mzima," daktari alisema. "Atapona. Lakini korodani ya kushoto tumelazimika kuitoa. Ilikuwa imekufa."

Mama alikaa chini, sakafuni.

"Imekufa vipi?" baba aliuliza. "Ni gonjwa gani? Ni la zinaa?"

"Hapana, mzee. Kijana wako hajafanya kosa lolote. Korodani ilijizungusha, ikakosa damu."

"Na kama angekuja jana mchana?"

Daktari alivua kofia yake ya kijani. "Unataka jibu la kweli?"

"La kweli."

"Angekuja jana mchana, huenda angerudi nyumbani na zote mbili."

Baba alitoka nje ya jengo, akasimama karibu na mabomba ya maji.

Kesho yake nesi wa zahanati alikuja wodini kumwona Ngazi. Wazazi walikuwepo. Nesi akamuuliza kwanza Ngazi, "Wazazi wako wakae au watoke?" Ngazi akasema wakae.

"Basi sikilizeni wote," nesi alisema. "Korodani inaning'inia kwenye kamba nyembamba. Ndani ya kamba hiyo mna mishipa ya damu. Mnajua mpira wa kumwagilia bustani?"

"Tunaujua," mama alisema.

"Ukijisokota, maji yanapita?"

"Hayapiti."

"Ndivyo ilivyokuwa. Kamba ilijisokota, damu ikakwama. Nyama isiyopata damu hufa. Tukimpata mtoto mapema, ndani ya kama saa sita tangu maumivu yaanze, mara nyingi tunaikunjua na inapona. Kadiri muda unavyopita, nafasi inapungua. Hata muda ukishapita, lazima aje hospitali. Asikae nyumbani."

"Na tutajuaje?" mama aliuliza. "Yeye alisema tumbo."

"Maumivu makali ya ghafla, upande mmoja. Kuvimba. Korodani moja kupanda juu kuliko kawaida. Kutapika. Na ndiyo, maumivu hupanda tumboni, kwa hiyo hakudanganya sana. Inaweza kumpata mvulana akiwa anacheza, akiwa amekaa, hata akiwa usingizini. Hasa wa umri huu. Usikande, usimpe vidonge ukamlaza. Ni kukimbia hospitali."

Mama alifuta machozi kwa upande wa khanga yake. "Mimi nilimwambia ana gonjwa la aibu," alisema. "Nisamehe, mwanangu."

Ngazi alikuwa akitazama dari. Kisha akauliza swali ambalo lilikuwa limemkaa moyoni tangu alipozinduka.

"Nesi, mimi bado ni mwanamume? Nitapata watoto?"

"Ndiyo, na ndiyo," nesi alijibu. "Moja iliyo nzima inatosha. Daktari ameishonea mahali pake, nayo isije ikajizungusha. Utaoa ukitaka, na kwa kawaida mtu kama wewe hupata watoto kama wengine. Lakini moja ndiyo uliyobaki nayo. Ukisikia maumivu yoyote, hata madogo, njoo."

Kisha akasema, "Somo hili nilikuwa nalo kwenye mkoba siku ile nilipokuja shuleni kwenu. Wewe ulikuwa wapi?"

"Tulikuwa tunafyeka," Ngazi alisema.

Baba alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, ameshika chuma cha kitanda kwa mikono yake minene ya kazi. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Alijichukia.

"Ni mimi, mwanangu," alisema. "Mimi ndiye niliyesema mfyeke."

"Najua, Baba," Ngazi alisema. "Shule nzima inajua."

Ningependa kukuambia kwamba walikumbatiana. Hawakukumbatiana. Ngazi alirudi nyumbani, kidonda kikafunga, lakini hakumsemesha baba yake isipokuwa kwa salamu. Baba naye hakujua aanzie wapi. Alikuwa amezoea kutengeneza mambo kwa utani, na jambo hili halikuwa na utani. Mtaani watu walisubiri awachekeshe, akawa anapita tu.

Siku moja alivaa shati safi, akaenda kwa mwalimu mkuu.

"Mwalimu, niitie mkutano wa wazazi," alisema.

"Kuna nini, mzee?"

"Niliwaambia jambo la kijinga, nikapigiwa makofi. Nataka kuwaambia walewale kwamba lilikuwa la kijinga."

Kabla ya mkutano alimwendea Ngazi karakanani. "Sitataja jina lako wala ugonjwa wako," alisema. "Ni mambo yako. Nitasema tu kwamba nilikosea."

Ngazi alikuwa anapiga msasa ubao. Alifikiri. "Sema, Baba," alijibu. "Wasipojua kilichonipata, watacheka tena."

Baba alisema yote. Hakuna aliyecheka. Mzazi mmoja, muuza vyombo, alisimama na kupinga.

"Tunamwonea huruma mtoto," alisema. "Lakini ukimfundisha kijana mambo haya, si unamfungulia mlango wa uchafu?"

Nesi alikuwepo. Alijibu bila kukasirika.

"Mama, kijana huyu hakufundishwa. Je, alilindwa na nini? Mimi huwapokea wengine pia. Msichana ameficha ujauzito mpaka amepata kifafa cha mimba. Mvulana anakojoa usaha, ananunua vidonge kwa kubahatisha. Mtoto ameshikwa kwa nguvu na mtu mzima, hajui aseme vipi. Wote hao hawakufundishwa. Nataka kuwapa majina ya viungo vyao, wajue kipi ni kawaida na kipi ni hatari, wajue kukataa kuguswa, wajue pa kwenda. Ni hilo tu."

Muuza vyombo alikaa. Hakusema amekubali, lakini hakupinga tena.

Walikubaliana nesi aje kila mwezi, na awafundishe wote. Mambo mengine awafundishe pamoja, mengine wasichana peke yao na wavulana peke yao, ili waulize bila soni. Nesi aliomba na chumba cha kuzungumza na mwanafunzi mmojammoja. Shule ilikuwa na stoo ya madawati mabovu. Wakatoa vitu vyote. Baba yake Ngazi akatengeneza mlango wa mbao nzito, unaofunga vizuri, usiopitisha sauti. Mama akashona pazia.

Somo la kwanza la wavulana lilikuwa gumu. Nesi alisema "korodani", na darasa zima likaangua kicheko. Nesi akawaacha wacheke mpaka wakachoka. Kisha akasema tena. Mara ya tatu hakuna aliyecheka. Ngazi alikaa nyuma, miguu yake mirefu haitoshi chini ya dawati. Wengi walijua habari zake. Kuna waliomtania vibaya, na siku moja alipigana na mmoja wao. Hakuupenda tena uwanja wa mpira, ule waliokuwa wakiufyeka siku ya nesi.

Mvua zikaja, zikapita. Ngazi akaingia kidato cha mwisho.

Asubuhi moja alikuwa bombani ananawa mikono. Mtoto wa kidato cha kwanza alimsogelea. Alikuwa mfupi, sare yake ni mpya na pana. Uso wake ulikuwa umepauka.

"Kaka Ngazi," alisema. "Huku kunaniuma."

"Huku wapi? Taja."

"Korodani. Ya kulia. Nimetapika."

"Tangu lini?"

"Sasa hivi, tulipotoka mapumziko. Nesi alisema tusingoje, na leo hayupo. Nikakutafuta wewe."

Ngazi hakuuliza lingine. Alimbeba mgongoni, akaenda naye mbio hadi ofisini. "Mwalimu, korodani imejizungusha," alisema, na wala hakuteremsha sauti. "Tunataka gari." Mwalimu wa hesabu alichukua funguo za gari lake. Njiani mtoto alilia, na Ngazi akamshika mkono muda wote.

Hospitali hawakungojeshwa. Ngazi alikaa kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji, pale wazazi wake walipomsubiri yeye. Mama wa mtoto alifika akihema, mkononi bado ana kijiko cha kupakulia. Baada ya muda daktari alitoka.

"Mmemwahi," alisema. "Tumeikunjua, damu imerudi. Ni nzima. Nyingine nayo tumeishonea isije ikafanya hivyohivyo. Wiki ijayo anarudi shule."

Mama wa mtoto alipiga magoti, akashukuru, akamkumbatia Ngazi, kijiko kikiwa bado mkononi. Ngazi alitabasamu. Kisha akatoka nje, akaketi kwenye ngazi za mlangoni, akalia.

Baba yake alimkuta hapo. Shule ilikuwa imempigia simu, naye alikuja na aproni yake ya kazi.

"Mtoto vipi?" aliuliza kwa hofu.

"Amepona."

"Zote mbili?"

"Zote mbili."

"Basi mbona unalia, mwanangu?"

"Nimefurahi, Baba. Nimefurahi kweli." Ngazi alijifuta uso kwa mkono wa shati. "Lakini ilikuwa rahisi. Amesema neno moja tu, akaletwa. Na mimi ningeweza kuletwa."

Baba aliketi kando yake. Angeweza kusema ni mipango ya Mungu. Angeweza kusema yaliyopita yamepita. Watu husema hivyo, na si vibaya. Lakini siku hiyo alimheshimu mwanawe, hakutaka kumfunika kwa maneno hayo.

"Ndiyo," alisema. "Ungeweza."

Ngazi aliegemeza kichwa chake begani kwa baba yake, na wakakaa hivyo mpaka mwalimu alipokuja kuwachukua.